Daktari wa Panya wa Kilema

Kule kwao Kilema, kijijini mlimani Kilimanjaro, walimwita Daktari wa Panya, na hawakuwa wanamsifu. Sisi tuliofanya naye kazi mjini Moshi tulimwita Daktari tu, ingawa hospitalini madaktari walikuwa wengi. Ukisema Daktari bila kuongeza jina, mfagizi, mlinzi na mpishi wote walijua unamsema yule mama mrefu wa chumba cha nyuma, mwenye koti jeupe lililopauka na raba za kiume, ambaye hakuwahi kumtibu mtu hata mmoja.

Nilifanya naye kazi miaka tisa. Mimi nilikuwa fundi wa maabara, mke wa mtu wa Kwa Sadala, mama wa watoto watatu, na siku nilipohamishiwa kwake nililia chooni kwa sababu nilidhani ni adhabu. Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya magodoro. Alikigawa kwa ubao wa plaiwudi: upande mmoja vizimba vya panya weupe vilivyopangwa kama makabati, upande wa pili meza, mizani, hadubini na jokofu kubwa la baridi kali lililonguruma mchana kutwa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Unaogopa panya?"

"Wa nyumbani siwapendi."

"Hawa si wa nyumbani. Hawa wameajiriwa, kama wewe." Akanipa ndoo ya maranda. "Anza na kizimba cha juu. Jina lako nani?"

Nilimwambia, lakini kesho yake aliniita Mama Aika, kwa jina la binti yangu wa kwanza, na hakuniita jina jingine mpaka leo.

Kazi yenyewe alinieleza wiki ile ile, na alinieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumpata. Mtu akila, alisema, sukari inaingia kwenye damu, na kongosho linatoa insulini. Insulini ikifika kwenye ini, inaliambia mambo mawili: pokea hii sukari uiweke akiba, na uache kutengeneza sukari yako mwenyewe, maana chakula kimekuja. Ndani ya ini kuna jeni zinazofanya kazi mtu akiwa na njaa, na hizo zinatakiwa zinyamaze akishiba. Nyingine zinatakiwa ziamke akishiba. Kwa panya aliyenyweshwa maji ya sukari miezi mingi, akanenepa kiuno, mafuta yakajaa kwenye damu na presha ikapanda, mpango huo unaharibika.

"Ini lake limeshiba," alisema, akimshika panya mmoja kwa kiganja, "lakini jeni ya njaa hainyamazi. Linaendelea kutengeneza sukari juu ya sukari. Ninachotaka kujua ni kwa nini haisikii."

Akamrudisha panya kizimbani taratibu, akafunga mlango, akaujaribu mara mbili kama umefunga.

Wakati ule maduka yalikuwa yamefunguka. Sisi tuliowahi kupanga foleni ya sukari na kuficha kipande cha sabuni, sasa tuliona soda kila kioski, mikate myeupe imepangwa kwenye kabati za vioo, mafuta ya kupikia kwenye madumu ya njano. Watu walifurahi, na mimi nilifurahi. Huko mlimani bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya za kupeleka sokoni Himo, na aliyerudi na hela hakurudi na ndizi, alirudi na mkate na kreti la soda. Daktari aliyaona hayo kwa jicho la kazi yake. Kundi moja la panya alililisha chakula cha kawaida: pumba, mashudu na dagaa wa kusaga. La pili maji ya sukari. La tatu alililisha ndizi mshare mbichi, zilizokaushwa na kusagwa, alizoziteremsha mwenyewe kutoka shambani kwa mama yake, mkungu begani, abiria wa kwenye gari wakimtazama.

Usidhani kwamba alikuwa mtu wa kusifia vya zamani. Mgeni mmoja wa wizara alipomwambia kwamba ndizi zetu ni dawa, alimjibu, "Sijui bado. Ndiyo maana nina panya." Mgeni akacheka. Yeye hakucheka.

Na chai yake aliitia sukari vijiko vitatu.

Nilimwuliza siku moja, kwa kuzunguka, kama hiyo sukari anayoipima kwa gramu kwa panya haimhusu yeye. Alikoroga, akanywa nusu kikombe. "Panya hawana mwisho wa siku wa kuungojea," alisema. Sikuelewa wakati ule. Nilipokuja kuelewa kwamba kikombe kile ndicho kilikuwa kitu pekee kilichomngoja jioni kwenye chumba alichopanga, nilijuta kwa kuuliza.

Hakuolewa. Sababu siijui na sitaibuni hapa. Alikuwa amesoma ng'ambo miaka mingi, udaktari wa utafiti na si wa tiba, akarudi na masanduku mawili ya vitabu, akakuta waliosoma naye shuleni wanakaribia kupata wajukuu. Kwenye sherehe za ukoo aliketishwa pamoja na wanaume kwa sababu ya elimu, kisha wanaume wakaongea Kichagga cha mambo ya mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo, ambayo hakuyafuatilia, na wanawake jikoni walinyamaza akiingia. Kwenye harusi moja huko Kilema, ambako na mimi nilialikwa, shemeji yake mmoja mwenye tumbo zito, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, alimwuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Hebu tuambie, Daktari, hao panya wako wanaumwa nini hasa?"

"Wanaumwa ugonjwa wako, shemeji."

Watu waliangua kicheko, na shemeji naye akacheka akijipapasa tumbo. Daktari alibaki ameshika sahani yake. Nilimwona anamtazama yule bwana miguu, namna viatu vilivyombana vifundoni, na nilijua kwamba hakuwa amefanya mzaha.

Nyumbani kwangu hakuwahi kuingia. Mara moja tu alikaribia. Ilikuwa kipaimara cha Aika. Sisi ni Walutheri, yeye Mkatoliki, lakini nilimwalika kwa moyo wote na akasema atakuja. Saa nane mchana jirani aliniita, akasema kuna mama mrefu amesimama njiani muda mrefu anatazama ua wetu. Nilipofika nilikuta kifurushi juu ya nguzo ya geti, kimefungwa kwa gazeti: kamusi kubwa, imeandikwa jina la Aika kwa mwandiko wake mdogo. Yeye alikuwa keshafika mbali, anateremka kuelekea barabara kubwa. Nilimwita. Ngoma ya kwaya ilikuwa juu, labda hakunisikia. Jumatatu nilimwuliza kwa nini hakuingia, akasema watu walikuwa wengi na kila mtu anajua pa kukaa.

Siku za kuua panya hakula mchana. Alifanya mwenyewe, haraka, na hakuniruhusu nifanye ingawa nilijifunza. Alitoa ini, akalikata vipande vidogo, akavitumbukiza kwenye naitrojeni, ile hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, tuliyokuwa tukiifuata upande wa Arusha kwenye kituo cha kupandishia ng'ombe kwa mirija. Dereva wa kituo hakuacha kushangaa kwamba tangi moja linabeba mbegu za madume ya ng'ombe wa maziwa na tangi lililofuata linakwenda kwa panya. Vipande vya ini viliingia kwenye vichupa, vichupa kwenye jokofu, na mara moja kwa mwaka vilisafiri ng'ambo kwenye maabara aliyosomea, maana vifaa vya kupimia ujumbe wa jeni, yaani maagizo ambayo jeni inayatoa, hatukuwa navyo. Huko walipima ni jeni gani imenyamaza na ipi bado inasema. Majibu yalirudi kwa barua, picha nyeusi zenye mistari ya kijivu. Aliziegemeza dirishani akazitazama asubuhi nzima.

Ndipo likaja jambo la watoto wa panya. Daktari alikuwa na majike waliokunywa maji ya sukari kabla ya mimba na wakati wa mimba. Watoto wao aliwaachisha kunyonya, akawapa chakula cha kawaida na maji matupu. Hawakuwahi kuonja sukari ya kopo. Walipokua, wakaanza kunenepa kiunoni kama mama zao. Aliwapima presha, akapima tena kwa sababu hakuamini, kisha akaniambia nipime mimi bila kujua ni kizimba kipi. Tulipata vile vile. Akatuma maini machache tu, ya kujaribia, na barua ilipokuja nilimwona akikaa chini kabla hajamaliza kuisoma.

"Haijanyamaza," alisema. "Mama Aika, hawa hawajaonja sukari, na jeni ya njaa haijanyamaza."

"Maana yake wamezaliwa nayo?"

"Maana yake wameipata tumboni. Jeni ni zile zile, hazikubadilika. Kilichobadilika ni jinsi zinavyosikia." Kisha akasimama, akakunja barua. "Ni maini machache mno. Siwezi kusema kitu kwa maini machache. Lazima tuwe na mengi."

Mwaka mzima tulikusanya. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi namna ile. Siku hizo ndipo alipoanza kuongea, si mambo yake, bali mambo ya mama yake aliyekuwa na kisukari huko Kilema na kidonda cha mguu kisichopona. Aliniambia kwamba kwa miaka alikuwa anamgombeza yule bibi: unakula nini, umekunywa nini, nani amekupa soda. "Na huenda alizaliwa nayo," alisema. "Nimemgombeza mama yangu kwa kitu alichopewa tumboni."

Ikafika Pasaka. Jokofu lilikuwa limejaa. Maini yalikuwa yaondoke baada ya sikukuu. Alhamisi Daktari alipanda Kilema kumwosha mama yake kidonda, akaniachia funguo. Mgao wa umeme ulikuwa mkali mwaka ule na jenereta ilikuwa mbovu, lakini tangi la naitrojeni lilikuwa limejaa. Kazi yangu ilikuwa nyepesi: nije Jumamosi nisome joto la jokofu, niandike kwenye daftari, na kama umeme haupo nihamishe vichupa kwenye tangi. Kazi ya saa moja.

Sikwenda. Ningekuwa na sababu ya maana ningeiandika hapa. Dada yangu alikuwa amekuja kutoka Dar na watoto, tulichinja mbuzi, mvua ya masika ilinyesha, nikasema nitakwenda kesho. Kesho ikawa Jumapili ya Pasaka. Nilikwenda Jumatatu, nikakuta jokofu linanguruma, baridi inashuka vizuri. Nikajua umeme umerudi, sikujua ulikatika lini. Nikachukua kalamu nikaandika joto la Jumamosi: hasi sabini na tisa. La Jumapili vile vile. Nikafunga mlango nikarudi nyumbani.

Jumanne Daktari alifungua jokofu. Nilikuwa nyuma yake. Vichupa vilikuwa vimelala vimeegemeana ndani ya barafu ngumu, kwa sababu maji yalikuwa yametiririka yakajaa chini, kisha yakaganda upya. Karatasi za majina zilikuwa zimebanduka zinaelea ndani ya barafu kama majani. Umeme, tulikuja kuambiwa na mlinzi, ulikatika Ijumaa Kuu mchana ukarudi Jumatatu alfajiri.

Daktari alifunga jokofu. Alikwenda mezani, akafungua daftari la joto, akalitazama. Akalifunga, akaliweka kwenye droo yake, akaifunga kwa ufunguo.

Mimi ndiye niliyesema. Nilisema, "Daktari, yameganda tena. Tukiyatuma hivi hivi, nani atajua?"

Alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ini likiyeyuka ule ujumbe unakatikakatika. Watapima vipande, watapata mistari, huenda mizuri kabisa. Itakuwa mistari ya uongo. Nitakuwa nimewaua wale watoto ili wanidanganye."

Barua ya kwenda ng'ambo aliniachia niipeleke posta ikiwa haijagundishwa, nami niliisoma njiani, nimesimama chini ya upenu wa duka. Kiingereza changu kilitosha. Aliandika kwamba sampuli zote zimeharibika kwa kukatika umeme, kwamba uangalizi ulikuwa wake, na kwamba yeye hakuwapo. Mimi sikutajwa.

Mambo mengine yalifuata upesi. Muda wa ufadhili ulikuwa unaisha mwaka ule, na wafadhili hawakuona sababu ya kuuongeza. Chumba kikatakiwa kwa upimaji wa ugonjwa uliokuwa unamaliza vijana wetu, na hakuna aliyeweza kubisha. Panya waliobaki Daktari aliwaua mwenyewe, siku mbili mfululizo, mlango umefungwa, na safari hii hakuyatoa maini. Mama yake alifariki kabla ya Krismasi. Nilikwenda mazishini, nikakaa na wanawake, na yeye alikuwa amesimama peke yake karibu na mibuni, kwa sababu wanaume walikuwa upande mmoja na wanawake upande mwingine. Nilitaka kwenda kusimama naye. Miguu haikunipeleka.

Mimi nilihamishiwa maabara kubwa. Yeye alirudi kihambani, akafundisha baiolojia kidogo kwenye sekondari ya jirani, akaacha. Miaka ikapita, simu za mkononi zikaja, Aika akaolewa. Kila nilipopita njia panda ya Himo na kuona gari la kupanda mlimani linaita abiria, niligeuza uso.

Kisha nikaambiwa na mimi nina sukari. Daktari kijana aliyenipima aliniuliza kama mama yangu alikuwa nayo, nikasema sijui, mama hakuwahi kupimwa. Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje, na mtu pekee duniani niliyetaka kumweleza alikuwa Kilema.

Nilipanda Jumamosi. Nyumbani kabla ya kuondoka nilikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba chetu, nikalifunga fundo. Kwetu ukimletea mtu sale lenye fundo unaomba msamaha, na si rahisi akatae. Nilimkuta amekaa kibarazani, mwembamba, nywele zote nyeupe, ameelekeza uso kwenye migomba. Nilipofika hatua tatu kutoka kwake hakunitambua. Macho yalikuwa yamekwenda. Sukari ilikuwa imeyala.

"Shikamoo, Daktari."

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Mama Aika. Marahaba. Karibu."

Nilimwekea sale mkononi. Alilipapasa, akalifikia fundo, akaacha kidole hapo.

"Jumamosi ile ya Pasaka sikwenda," nilisema. "Na namba niliziandika mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Jumanne. Mji mzima haukuwa na umeme, Mama Aika, na wewe umeniandikia hasi sabini na tisa."

"Kwa nini hukusema? Wangenifukuza, na ilikuwa haki yao."

Alifikiri, kama alivyofikiri alipoulizwa swali la kazi. "Ningekusema, ningebaki na nani mle ndani?"

Kuku alipita katikati yetu. Nilimwambia habari ya sukari yangu, akaniuliza maswali ya kitaalamu, dawa gani, nimepungua kiasi gani, miguu inakufa ganzi au vipi, na mkono wake ulikuwa umenishika kifundo cha mkono muda wote huo. Alipomaliza akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na bahasha kubwa yenye stempu za ng'ambo.

"Imekuja tangu Kwaresima. Mwanafunzi mwenzangu wa zamani wa huko amenitumia. Nimeshika karatasi nimejua ni makala, lakini herufi sizioni, na hapa hakuna wa kunisomea Kiingereza cha namna hii. Padri alijaribu, akachoka."

Nilivaa miwani. Nilisoma polepole, nikijikwaa, na yeye akinisahihisha matamshi na kunieleza kwa Kiswahili kila nilipofika mahali pagumu. Watu wa nchi nyingine walikuwa wamelisha panya majike sukari. Walikuwa wamewalea watoto kwa maji matupu. Nilifika kwenye sehemu ya matokeo, na nilipoanza kuelewa ninachokisoma nilirudia sentensi kutoka mwanzo: kwamba watoto wale, ingawa hawakuonja sukari, jeni ya njaa ndani ya maini yao haikunyamaza waliposhiba.

Jina la Daktari halikuwa humo. Nilipekua kurasa zote za mwisho nikitafuta, naye alisikia karatasi zinavyogeuka.

"Usitafute," alisema. "Hatukuchapisha kitu, watatujuaje?" Akaegemea ukuta, akafumba yale macho yasiyoona, na uso wake ukawa wa mtu aliyepokea barua kutoka kwa ndugu yake. "Kwa hiyo ilikuwa kweli."

"Ilikuwa kweli, Daktari."

"Soma tena hapo pa maini," alisema. "Taratibu."

Gari la mwisho la kuteremka Himo lilipiga honi barabarani. Nililiacha liende, nikasogeza kigoda karibu yake, nikaanza tena.